Buibui wa kuuma

Jumatatu, 12 Agosti. Bologna hadi Lecce

Nimemfunika Nonna miguu, nimempa kidonge chake cha presha, na treni imeng'oka saa tatu kasorobo asubuhi. Nonna ni bibi kwa Kitaliano. Si bibi yangu. Ni mzee wa nyumba ninayofanya kazi, ana miaka 87, na kazi yangu huku wanaiita badante: kumwogesha, kumlisha, kumtembeza, na zaidi ya yote kumsikiliza. Kitaliano nilikuja nacho kutoka nyumbani. Mimi ni wa Malindi, na Malindi mtoto aliyekulia karibu na hoteli hujua "ciao" kabla hajahitimu juzuu ya amma.

Kila Agosti familia hii hurudi kwao Salento, kusini kabisa mwa mkoa wa Puglia, kile kisigino cha kiatu unachokiona ukiitazama ramani ya Italia. Mwaka jana walinipa likizo. Mwaka huu binti yake, ninayemwita Signora, amesema mama hasafiri bila mimi. Nimefurahi, wala si kwa ajili ya bahari.

Nimefurahi kwa sababu ya Juni. Kila Juni, mwaka wa tatu sasa, Nonna hupatwa na siku zake. Halali. Chakula hakipiti. Hukaa dirishani akigonga meza kwa vidole, ta-ka-ta, ta-ka-ta, kidole gumba kikianguka kwa nguvu kila mwanzo. Daktari anasema ni joto na uzee. Mara ya kwanza kumwona hivyo nilisimama na kikombe mkononi, nikamwona bibi yangu mzaa mama, wa Mambrui, alivyokuwa akitikisa goti siku mbili tatu kabla pepo wake hajapanda. Nilimwuliza Nonna ana nini. Alinijibu neno moja tu: "Juni."

Safari ya saa saba na ushei, bahari ya Adria upande wa kushoto karibu njia nzima. Nonna amelala kuanzia Rimini.

Jumanne, 13 Agosti. Kijijini

Kijiji sikitaji jina. Kiko baina ya Galatina na Nardò, na kila mtu humo anamjua kila mtu.

Kutoka Lecce hadi hapa mizeituni imekufa. Si mmoja mmoja, ni shamba baada ya shamba, miti minene ya umri wa mababu wa mababu imesimama mikavu kama fagio zilizochomekwa ardhini kwa mpini. Ni bakteria, inaitwa Xylella, iligunduliwa karibu na Gallipoli, mji wa pwani wa hukuhuku Salento, mwaka 2013. Hubebwa na kijidudu kinachofyonza utomvu, na imeshaua mizeituni kwa mamilioni. Nchi hii, naona, haina bahati na wadudu.

Maana usiku, mezani, nimesimuliwa mdudu mwingine.

Mjukuu wa Nonna, kijana wa chuo kikuu, alikuja na tari. Wao wanaliita tamburello, lakini ni tari: duara la mbao, ngozi ya mbuzi, vibati vinavyolia pembeni. Ningeliweka katikati ya maulidi ya Lamu asingeuliza mtu. Fulana yake ina picha ya buibui mkubwa kifuani. Nikauliza, na wote wakaanza kunieleza kwa pamoja, mikono hewani. Nonna akakitoa kifaa chake cha kusikia sikioni, akakilaza kando ya sahani, akaendelea kula.

Nilichopata kukiokota ni hiki. Kwa karne nyingi, hadi miaka ambayo Nonna alikuwa msichana, mwanamke wa Salento akiwa shambani, msimu wa mavuno ya ngano au majani ya tumbaku, aliumwa na buibui anayeitwa taranta. Akaanguka. Akazubaa, au akalia bila kukoma, au akapiga kelele. Dawa ya hospitali haikumfaa. Dawa ilikuwa ngoma. Watu wa kwao waliita wapigaji: fidla, tari, kinanda cha mkono, gitaa. Shuka jeupe likatandikwa sakafuni, mgonjwa amevaa nguo nyeupe, nywele wazi. Wapigaji wakajaribu mdundo huu, wakajaribu ule, mpaka buibui aliyemo mwilini auitikie wake. Zikatandazwa tepe za kitambaa za kila rangi, kwa kuwa kila taranta ana rangi anayoitaka na tabia yake: yupo anayependa kuimba na kucheza, yupo wa huzuni, yupo wa matusi na uchi, na yupo bubu ambaye muziki haumfikii. Mgonjwa alitambaa chali sakafuni kama buibui mwenyewe, akainuka, akazunguka, akaanguka, akapumzika, akaanza tena. Siku moja, mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, mpaka Mtakatifu Paulo amridhie. Na mwaka uliofuata, Juni ikifika, sumu iliamka.

Mimi nilikuwa nimeacha kula. Kila walichokitaja nilikuwa na neno lake. Mgonjwa ni mwele. Chumba ni kilinge. Mpiga fidla ndiye fundi. Kutafuta mdundo ni kumtafuta pepo ni wa kabila gani, Mwarabu, Mmasai au Mhabeshi, kwa maana pepo hasemi mpaka apigiwe ya kwao. Na zile tepe ni kanzu nyeupe, pete ya fedha na halua alivyodai pepo wa bibi yangu, aliyekataa kushuka usiku sita mfululizo mpaka babu akauza minazi minane. Kinanda cha mkono nacho, hata hicho, watu wa kibuki, ngoma ya pepo ya Unguja, wanacho.

Nikawaambia. Mjukuu akatoa simu aandike. Signora akaniuliza kwa upole, "Lakini kwenu bado mnaamini?"

Nilitia mate kooni. Binti wa mwanamke anayegonga meza kila Juni, ananiuliza mimi.

Jumatano, 14 Agosti. Galatina

Tumekwenda sote, kwa ajili ya pasticciotto, kikeki cha kastadi ambacho Galatina wanajinadi nacho. Niliuliza kama kina mafuta ya nguruwe. Kina. Nikanywa kahawa ya barafu yenye maziwa ya lozi, ambayo peke yake inatosha kumleta mtu huku.

Hatua chache kutoka kanisa kuu la Petro na Paulo kuna kikanisa cha Mtakatifu Paulo, kimeshikana na nyumba ya kitajiri ya zamani, Palazzo Tondi. Kwa nje unaweza kukipita usikijue. Mjukuu alitaka kunionyesha. Nilipomgeuza Nonna na kiti chake, alishika gurudumu kwa mkono. "Mimi hapa kuna kivuli," akasema. Kivuli chenyewe hakikuwepo. Nimemwacha na binti yake.

Ndani ni chumba tu. Altare, picha ya Paulo juu yake, viti vichache. Kando kulikuwa na kisima. Kila tarehe 28 na 29 Juni, sikukuu ya Petro na Paulo, waliong'atwa waliletwa hapa kutoka Salento yote kwa mikokoteni, wengine kushukuru kuwa wamepona, wengine kuomba wapone. Walikunywa maji ya kisima wakatapika, na kutapika ndiko kulikotakiwa. Kisima kilizibwa mwaka 1959 kwa sababu za afya.

Kwa nini Paulo? Kwa kuwa katika Matendo ya Mitume nyoka alimng'ata mkononi huko Malta naye hakudhurika. Na kwa nini kisima hiki? Mjukuu alinisimulia hadithi ya ndugu wawili wa kike walioishi nyumba hii, waliojaliwa kuponya sumu, ambao kabla ya kufa walitema mate kisimani ili baraka yao ibaki. Nilicheka mpaka akashangaa. Nimetemewa mate ya utosini na wazee wangu tangu nina siku saba. Sikutegemea kuyakuta Ulaya.

Lakini kuna jambo limenikaa vibaya. Kanisani ngoma haikuruhusiwa. Nyumbani mwele alikuwa na fidla yake, rangi zake, shuka lake, na watu waliojua la kufanya. Hapa alikuwa na Paulo tu. Basi alipiga mayowe, alijigonga, alipanda juu ya altare. Mwaka huohuo wa 1959 alikuja mwanahistoria wa dini Ernesto de Martino na kundi lake: daktari wa akili, mwanasaikolojia, mtaalamu wa muziki Diego Carpitella, mpiga picha Franco Pinna na wengine. Wakapanda roshani ya ndani, wakatazama kutoka juu. Nimesimama nikaitazama roshani ile. Hapo palitoka picha nyeusi na nyeupe ambazo leo zimo kwenye mabango na vitabu: wanawake chini, vitambaa vimewavuka, hawajui kama kuna jicho juu yao.

De Martino hakusema ni waongo, wala hakusema ni sumu. Aliona kwamba wengi wao walikuwa wanawake. Kwamba mara ya kwanza ya kung'atwa huwa ni umri wa kuvunja ungo hadi kuposwa. Kwamba buibui hurudi kwa watu walewale, msimu uleule. Na kwamba Galatina yenyewe ilisifika kuwa haina sumu kwa baraka za Paulo, jambo ambalo buibui wa kawaida hawezi kulifahamu. Kitabu chake cha mwaka 1961 alikiita La terra del rimorso. Rimorso ni majuto, ila ukilikata neno katikati linakuwa kung'atwa mara ya pili. Alitaka kusema ni nchi ya jambo baya lililopita ambalo halikumalizwa, linarudi na meno.

Mjukuu alijivunia sana utani huo wa maneno. Nikamwambia kwetu hatukuhitaji kukata neno. Kuumwa ni kung'atwa, na kuumwa ni kuugua, ni neno lilelile, na ukimwambia mtu "naumwa" itabidi akutazame usoni ajue ni lipi. Tena, nikamwambia, kwetu buibui ni mdudu, na buibui ni vazi jeusi la mwanamke linalomfunika asionekane. Alitaka nimwandikie kwenye simu. Nimemwandikia.

Tuliporudi kwenye kahawa Nonna alikuwa amemaliza pasticciotto mbili na Signora analalamika juu ya sukari yake.

Alhamisi, 15 Agosti. Torrepaduli

Alhamisi jioni na Jumapili ni zangu kwa mkataba. Mjukuu na wenziwe wamenipakia nyuma ya gari hadi Torrepaduli, kitongoji cha Ruffano, ambako usiku wa kuamkia tarehe 16 ni sikukuu ya San Rocco, Mtakatifu Roko.

Hapa hakuna jukwaa. Uwanja mbele ya kanisa umejaa maduara, watu wamesimama bega kwa bega, matari kumi, kumi na tano kwa duara, na katikati wawili wanacheza. Wakichoka wanasukumwa wengine. Kuna duara la wanaume wanaopigana kwa vidole viwili vilivyonyooshwa kama visu. Hawagusani, lakini macho ni ya watu wanaotaka kuuana. Zamani, wanasema, visu vilikuwa visu.

Unaanza kwa kusikia kelele. Baada ya nusu saa unasikia kitu kimoja. Gumba linaangukia ngozi pale mwanzo, viganja vinajaza katikati, vibati vinafukuzana, na mwendo ni wa mapigo sita, ule wa kutembea na mguu mmoja mfupi. Niliona tari lenye madoa ya damu. Mwenyewe alikuwa amechanika ngozi ya kidole na hakuacha.

Saa tisa usiku hivi, goti langu likaanza.

Sijui niandike vipi ili isionekane nimetia chumvi. Sikuwa nacheza. Nilikuwa nimesimama na mkoba begani, na goti la kushoto likaanza kutikisika peke yake, lile la bibi, na nywele za mikono zikanisimama. Msichana mmoja aliyekuwa katikati ya duara akaniona, akanyoosha mkono niingie. Nilirudi nyuma hatua nne, nikasoma Ayatul Kursiyyu mara tatu, nikaenda kununua maji.

Huko dukani niliwakuta wanawake watatu wa makamo wamekaa kwenye viti walivyobeba kutoka nyumbani, wamevua viatu. Mmoja aliniuliza nimetoka wapi. Kenya, pwani. Akaniuliza kama kwetu kuna matari. Yapo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuwa kwetu kuna mkate.

Ijumaa, 16 Agosti

Usingizi. Nonna amenitazama macho mekundu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Jumapili, 18 Agosti. Nardò

Mjukuu alinitaka nione palipokuwa kinyozi. Katika mji huu aliishi Luigi Stifani, kinyozi na mpiga fidla, aliyezaliwa 1914 akafa 2000. Nywele asubuhi, wagonjwa mchana. Aliitwa nyumba hadi nyumba kuwachezesha waliong'atwa, na aliandika kumbukumbu za wagonjwa aliowapigia. Hakuwa padri wala daktari. Alikuwa mtu anayejua mdundo upi unamgusa nani, na alilipwa. Familia ziliingia deni kwa ajili ya siku tatu za muziki. Kwetu pia fundi hali maneno matupu.

Hapa Nardò ndipo kundi la de Martino lilipomwona mwanamke ambaye kitabu kinamwita Maria. Alifiwa na baba akiwa mdogo. Akiwa na miaka 18 alimpenda kijana, lakini watu wa kijana hawakutaka binti asiye na kitu. Jumapili moja mchana, amesimama dirishani, akahisi ameng'atwa. Akacheza. Baadaye aliozwa mwanamume asiyemtaka, na Paulo, alisema, akaja kumdai awe wake yeye mtakatifu. Kila mwaka alicheza kumalizana na wawili hao. Chumba chake kilikuwa kimoja tu, shuka likajaza sakafu yote.

Nafikiria: mwanamke huyu kwa siku tatu hapiki, hafui, hajibu mtu. Mume anatafuta fedha, jirani analeta maji, wanaume wanne wanatoka jasho kumpigia. Ni lini tena mwanamke wa aina yake alihudumiwa hivyo? Bibi yangu akiwa na pepo wake alimwamuru babu "wewe mtumwa, lete halua," na babu akaitika "labeka." Kesho yake anampikia uji kama kawaida.

Tulirudi kwa njia ya mashambani. Nardò sasa ni nchi ya matikiti na nyanya, na wanaochuma ni Waafrika. Mwaka 2011, Agosti kama hii, vibarua waliokuwa wakikaa Masseria Boncuri, nyumba ya shamba ya zamani, waligoma, mmoja wa viongozi wao akiwa Mkameruni Yvan Sagnet, kuwapinga wanyapara wanaowakata ujira kwa kila kasha la nyanya na kuwatoza hata nauli ya kwenda kazini. Hapo ndipo Italia ikafanya unyapara huo kuwa kosa la jinai. Sheria ikatiwa makali mwaka 2016, namba 199, baada ya Paola Clemente, mama wa miaka 49 kutoka upande wa Taranto, kufa Julai 2015 akiwa kazini kwenye mizabibu ya Andria. Ni walewale wanawake wa shambani, na joto lilelile la kiangazi. Yeye hakuitiwa fidla.

Tulisimama kununua tikiti. Aliyetupimia ni Msudani, mtu mzima. Mjukuu, ambaye hajui kunyamaza, akamweleza tulikotoka. Yule bwana akafuta kisu, akasema mamake huko Omdurman alikuwa na zar, pepo na ngoma yake. Wanauita pia upepo mwekundu, na mamake alishonewa gauni jekundu la kuuridhisha. Pepo na upepo. Kumbe si sisi tu. Nikamwuliza kama aliwahi kuingia. Akasema mlango ulikuwa wa wanawake, yeye alikuwa mtoto wa kutumwa sigara.

Usiku, nikimvua Nonna viatu, nikamwambia nimekwenda Nardò.

"Kinyozi bado yupo?"

Nilibaki na kiatu mkononi. Nikamwambia alikufa mwaka 2000.

"Alikuwa ghali," akasema Nonna. "Baba aliuza nyumbu." Akageukia ukuta.

Jumatano, 21 Agosti. Ufukweni

Signora amelipia darasa la pizzica, ngoma ya hapa ya matari, kwenye mchanga, karibu na Gallipoli, na akanilipia na mimi. Watu ishirini hivi, wengi kutoka Milano na Ujerumani, kila mmoja kapewa shali jekundu. Mwalimu ana sauti nzuri na mgongo ulionyooka. Alitufundisha hatua, akatueleza kuwa pizzica ya furaha ya arusini ni kitu kimoja na ile ya walioumwa ni kitu kingine, jambo ambalo ni kweli na wengi hawalisemi. Kisha akatuambia tufumbe macho tutoe sumu.

Nilikuwa tayari kucheka. Nimeshaona Malindi ngoma ya dakika kumi na tano kabla ya chakula cha jioni, wageni wanapiga picha, mchezaji anaangalia saa. Lakini mama mmoja wa Milano, miwani ya jua kichwani, alianza kuzunguka, na baada ya kuzunguka akakaa mchangani akalia. Si kulia kwa adabu. Mwalimu hakujua afanye nini. Akapunguza sauti ya spika, akampa maji, na darasa likaendelea pembeni yake.

Kwa fundi wa kweli hapo ndipo ngoma ingeanza.

Jumamosi, 24 Agosti. Melpignano

Usiku wenyewe. La Notte della Taranta, Usiku wa Taranta, ni tamasha lililoanza 1998, huzunguka vijiji vya Salento mwezi wa Agosti na kumalizikia hapa Melpignano, kijiji cha watu elfu mbili hivi, katika uwanja wa mbele ya nyumba ya zamani ya watawa wa Agostino. Ni mojawapo ya vijiji vya Kigriko, Kigiriki cha Salento. Kuingia ni bure. Watu hupita laki moja. Televisheni ya taifa inaonyesha. Kila mwaka hukabidhiwa mwanamuziki mmoja mkubwa azipike upya nyimbo za zamani na orkestra ya hapa: Joe Zawinul alikuja mwaka 2000, Stewart Copeland 2003, Goran Bregović 2012.

Tumeegesha gari mbali, tukatembea gizani katikati ya vibanda vya soseji na matari ya plastiki. Signora amebaki na mamake. Mezani wakati wa chakula cha jioni aliniambia jambo ambalo sikulitegemea: alipokwenda kusoma kaskazini akiwa msichana, hakuthubutu kutaja kijiji chake. Wenzake walikuwa wamesikia habari za wanawake wa buibui, wakimwuliza kama na mama yake hutambaa. Sasa mwanawe anavaa buibui kifuani. "Kwangu mimi hiyo ni kupona," alisema. Nikamtazama Nonna. Kifaa kilikuwa kando ya sahani.

Jukwaa ni kubwa kama meli. Muziki ni mzuri, niseme ukweli, mzuri wa kuumiza. Fidla zikipanda juu ya matari laki nzima inaruka. Wachezaji wa kulipwa wamevaa meupe, nywele wazi, wanajitupa sakafuni na kupinda mgongo kama kwenye picha za 1959. Wanajua kila pembe. Nimesimama nikitafuta kitu sikijui, mpaka saa saba usiku ndipo nikakijua. Kilingeni anaumwa mmoja, na wote wamesimama kwa ajili yake. Hapa wote wanacheza na hakuna mwele.

Nikamwambia mjukuu. Alikuwa amelowa jasho, amefurahi, hakukasirika. Akasema, "Afadhali. Ungetaka bibi yangu aumwe tena?"

Sina jibu. Bibi yangu mimi alikatazwa. Mjomba alirudi kutoka masomoni, akasema ni shirki, akavunja chetezo mbele ya watu. Bibi alitii. Alianza vidonge vya presha mwaka uleule, na kila msimu wa kaskazi goti lilitikisika mpaka siku aliyokufa, hapana wa kumpigia. Kwetu hakuna jukwaa. Wala sijui kama ningelitaka.

Wakati wa kutoka nimenunua tepe kwenye kibanda, tano, rangi tano. Euro sita. Muuzaji aliniuliza kama ni za nywele.

Jumapili, 25 Agosti. Kijijini

Nyumba nzima imelala, wamerudi alfajiri. Nonna aliamka saa kumi na mbili unusu kama kawaida yake. Nimemwosha uso, nimemchana, nimemkalisha kitandani na mito miwili mgongoni. Kisha, bila kusema neno, nikazitandaza tepe juu ya shuka mbele yake.

Alizitazama kwa muda mrefu. Ile nyekundu aliisukuma kwa kucha. "Hii ya watalii." Ya samawati na ya waridi akazipita kama hazipo. Akaishika ya kijani, akaizungusha kidoleni, akaizungua, akaizungusha tena.

"Hii ya dada yangu," akasema. "Siku nne."

Ilibaki ya manjano. Hakuigusa. Vidole vya mkono wa pili vilikuwa vimeanza juu ya shuka, polepole, gumba mwanzo.

"Na hiyo?" nikamwuliza.

Alinionyesha meza ya pembeni, na mimi nikampa kifaa chake cha kusikia. Alikivaa mwenyewe, akakikaza, akasikiliza ukumbini.

"Funga mlango kwanza."

Nimeufunga.